Nilisingizia kikompyuta kizima

Leo nimeaibika mbele ya Bi Time, mwalimu mkuu wa skuli yetu hapa Micheweni.

Asubuhi nzima naweka programu huria ya kulinda mtandao kwenye kikompyuta kinachoenea kiganjani, kichuje mtandao wa skuli ili virusi visirudi kwenye kompyuta za wanafunzi.

Mara tatu, skrini nyeusi!

Nikamwambia, "Bi Time, kifaa hichi kibovu. Tukirudishe."

Akavaa miwani, akasoma boksi. "Mwanangu, hapa pameandikwa prosesa yake ni aina ya ARM. Na hiyo programu uliyopakua ni ya prosesa gani?"

Kutazama, ni ya kompyuta kubwa za kawaida. Wallahi nilikosa pa kuficha uso.

Nikapakua ya ARM. Mtandao unasuasua, ikachukua muda wa saa mbili nzima, sikunyanyuka kitini.

Imewaka! Sasa hivi wanafunzi wamo mtandaoni, salama.

Mafundi wenzangu, semeni kweli: ni mimi peke yangu niliyewahi kusingizia kifaa kizima?