Gesi Ambayo Haikuwemo kwenye Ramani

Dada yangu, ambaye nyumbani tunamwita Mionzi, alitumia miaka sita kuchora ramani ya vitu visivyoonekana kwa macho. Mimi ni fundi friji, nikamwambia hiyo ni kazi ya watu wenye nafasi. Alicheka, kisha akanieleza taratibu, maana anakijua kichwa changu.

Kuna chembe zinazokwenda kasi ya ajabu angani, ziitwazo mionzi ya kosmiki. Sumaku za galaksi huzipindisha njiani, hata zikitufikia hazijulikani zilikotoka. Ila zikigonga gesi iliyotapakaa kati ya nyota, hutokea miale ya gama, nayo huja moja kwa moja. Basi yeye hupima gama, hulinganisha na gesi iliyopo, akajua chembe zimejazana wapi.

Pembezoni mwa galaksi alikuta doa linalong'aa kupita kiasi. Chembe tele, akaandika. Ripoti aliyoituma ikichapishwa, mkataba wake wa utafiti chuoni ungeongezwa. Mama alishawatangazia majirani.

Jumapili mchana alinifuata karakana na ramani yake. Nilikuwa chini ya friji natafuta panapovuja.

"Hiyo gesi mnaipimaje?" nikamuuliza, basi tu.

"Kwa mawimbi ya redio inayoyatoa."

"Na isiyotoa kitu?"

Alikaa kwenye stuli yangu, akaikunjua ramani. "Nimetumia ramani ya zamani," akasema mwishowe. "Gesi baridi, ile isiyotoa mawimbi, haimo."

Alipiga hesabu upya wiki mbili. Doa lilikuwa gesi tu, nyingi kuliko ramani ilivyoonyesha. Chembe zilikuwa za kawaida kabisa.

"Si unyamaze?" nikamwambia. "Nani atajua?"

"Kuna wenzangu watapanga darubini miezi mizima kuzisaka chembe ambazo hazipo. Niwaache?"

Akaiondoa ripoti mwenyewe. Mkataba haukuongezwa. Nilimkasirikia, na nikajikasirikia zaidi mimi na mdomo wangu.

Sasa anafundisha fizikia sekondari. Juzi nilimkuta mezani anasahihisha madaftari, nikajikaza nikamuuliza kama anajuta.

"Kila siku," akasema bila kuinua macho. "Naipenda ile kazi, mdogo wangu. Naiota."

Nilikosa pa kutazama. "Basi nisamehe. Ningefunga domo langu siku ile..."

"Wewe?" Akaweka kalamu chini. "Niliionyesha ile ramani idara nzima. Wote walinipongeza. Wewe peke yako ndiye uliyeniuliza swali."

Akanisukumia nusu ya madaftari nimsaidie kujumlisha alama.