Jibu Langu Kuhusu Uvimbe Usiouma

Mimi ni mwanamume wa miaka sabini na mbili, na nimekatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Naanza na sentensi hiyo ili anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha asome yaliyobaki kwa utulivu.

Kabla ya hapo nilikuwa na afya njema. Nilifundisha Baiolojia na Jiografia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipostaafu nilijenga hapa Mpanda, kata ya Kashaulili, na nikapata shamba Kasekese ambako nililima mahindi na mpunga kwa mikono yangu. Sikuwa na presha wala sukari. Wanafunzi wangu wa zamani wanakumbuka swali nililowauliza kila walipojibu kwa kubahatisha: "Chanzo chako ni nini?" Aliyejibu, "Watu wanasema, mwalimu," alisimama mpaka kengele ilipogongwa.

Hata baada ya kustaafu watu walikuja langoni kwangu kuuliza mambo: mbolea, barua za baraza la ardhi, dawa walizoandikiwa zahanati. Niliwajibu kwa kifupi nao wakaondoka wameridhika. Miongoni mwa majibu hayo, moja lilikuwa la uongo. Nitalifikia mahali pake.

Ugonjwa ulianza na kitu kidogo kama harage, nyuma ya chuchu ya kushoto. Nilikigusa nikioga. Kilikuwa kigumu, hakikusogea nilipokisukuma, na hakikuuma hata kidogo. Nikajiambia kwamba kisichouma si cha kushughulikia, tena katika titi la mwanamume. Mvua zikaisha, tukavuna, tukaandaa tena mashamba. Harage likawa ndimu. Chuchu ikaanza kuzama ndani kama kifungo kilichokazwa mno na uzi. Bado hakikuuma, nami bado niliendelea kusoma gazeti langu.

Aliyenifumania ni mke wangu, Mama Kizito, kwa kuwa ndiye anayefua fulana zangu.

"Baba Kizito, hii damu ya nini?"

"Nimejikwaruza."

"Umejikwaruza mahali palepale, fulana tatu?"

Asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani, akasimama mlangoni, na akasema hatatoka hapo mpaka nimtangulie kwenda hospitali.

Daktari alikuwa kijana wa umri wa wajukuu zangu. Aliminya titi, akaminya kwapa, akauliza nimekaa na kitu hicho muda gani. Nikasema mwaka na kidogo.

"Kilikuwa kinauma, mzee?"

"Hapana."

Akaweka kalamu mezani. "Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Mwanzoni mara nyingi hakiumi."

Alichukua kipande cha nyama kwa sindano, kikapelekwa kupimwa. Wiki kadhaa baadaye aliniita mimi na mke wangu na kutuambia kwamba ni saratani ya titi. Nilimwuliza kama ana hakika, kwa kuwa huo ni ugonjwa wa wanawake. "Wanaume wenye ugonjwa huu ni wachache, mzee," alisema, "lakini wapo." Alinipa rufaa ya kwenda Mwanza. Nilikuwa nimefundisha viungo vya mwili tangu nikiwa kijana, na sikuwahi hata siku moja kumwambia mvulana kwamba naye ana titi linaloweza kuugua.

Kabla sijasafiri, habari zilinitangulia sokoni. Wapo waliosema nimelogwa na majirani wa shamba. Wapo waliosema nageuka mwanamke. Mzee Kasiani, ambaye tumekaa naye benchi moja kanisani miaka mingi, alikuja na kikopo cha unga wa mizizi na maelezo yake.

"Gervas, ni simu hiyo unayoweka mfuko wa shati. Usikubali kisu. Kansa ikiguswa na kisu inatawanyika mwili mzima."

"Nani amekuambia?"

"Watu wanasema."

"Watu gani? Nitajie majina yao, Kasiani. Walisomea wapi? Walimpasua nani?"

Aliondoka amekasirika, na mimi nilibaki nimekasirika zaidi. Maneno hayo ya kisu yamewafukia watu wengi ambao wangekuwa wanapalilia mashamba yao sasa hivi. Yanasemwa na watu wazima, wenye heshima, wanaokuja na sura za huruma, na hakuna anayewauliza lolote.

Muuguzi mmoja alimweleza mke wangu kwamba kuna wanawake wa umri wetu wanaokutana Jumamosi katika chumba cha ushonaji cha Bibi Spesioza, hapa hapa Kashaulili. Nilikataa. Mama Kizito alisema kwamba basi ataenda yeye na kuwaeleza kila kitu kwa niaba yangu, pamoja na habari za fulana. Nikaenda.

Nilikuta wanawake saba wakijaza mabaki ya pamba katika mito midogo ya kitenge, ya kuweka kwapani baada ya upasuaji. Bibi Spesioza, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi na ambaye haogopi mtu, aliniangalia kutoka kwenye cherehani.

"Karibu, wifi."

Wakacheka mpaka cherehani ikasimama.

"Mimi si wifi wa mtu," nikasema.

"Sasa tukuite nani? Shemeji haingii humu, Mwalimu. Humu tunavua blauzi."

Mwenyekiti wao alikuwa Leokadia wa Kasekese, mwanafunzi wangu wa miaka ya mwanzo, sasa ni bibi mwenye wajukuu. Alinipa kiti, akanipa sindano na uzi, na akanieleza utaratibu wao. Mgeni husikiliza kwanza habari ya mwenyeji mmoja. Kisha huulizwa swali moja: nani alikuambia usubiri? Wameona kwamba karibu kila aliyechelewa aliambiwa na mtu. Mmoja alimtaja mama mkwe, mwingine nabii wa maombezi, mwingine mume ambaye baadaye alihamia kwa mwanamke mwenye matiti mawili. Mtu akimtaja aliyemchelewesha, walisema, anaacha kujilaumu na anaanza kujitibu.

Siku hiyo Leokadia alisimulia habari yake mwenyewe.

"Nilipoona kinundu, nilimwuliza mtu mmoja msomi. Nilimpelekea na viazi. Alinijibu bila kuinua macho kwenye gazeti. Akasema, 'Uvimbe usiouma si ugonjwa. Rudi utakapouma.' Nikarudi nyumbani. Uliuma baada ya miezi kumi na moja."

Sindano ilinichoma kidole. Nilizitambua sentensi hizo mbili kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Nilikumbuka lango langu, gazeti, kikapu cha viazi. Sikuwa nimesoma jambo hilo mahali popote. Nililisikia kwa mtu nisiyemkumbuka, nikalisema kwa sauti ya darasani, na kwa sababu ya sauti hiyo likageuka kuwa elimu.

"Na wewe, Mwalimu," Leokadia akauliza, "nani alikuambia usubiri?"

"Hakuna. Nilikosea mwenyewe."

Alirudi kwenye mto wake. Nilikuwa nimesema nusu ya ukweli mbele ya mtu niliyemfundisha kwamba nusu hupata sifuri.

Kikundi kina utaratibu mwingine: anayekwenda Mwanza mara ya kwanza husindikizwa na aliyekwisha kwenda. Zamu ilikuwa ya Leokadia. Nilimwambia mke wangu kwamba si heshima kusafiri na mke wa mtu. Mama Kizito, ambaye miguu yake haiwezi tena safari ya kutwa nzima, alijibu, "Njia siijui mimi, anaijua yeye. Heshima utaikuta hapa ukirudi mzima."

Kliniki tuliketi katika benchi la wanawake. Muuguzi alikuja akamshika Leokadia mkono.

"Mama, ingia. Baba atakusubiri nje."

"Mgonjwa ni huyu, mwanangu. Mimi msindikizaji."

Muuguzi aliangalia faili, akaniangalia kifua, akaona aibu. Benchi zima liligeuka kunitazama. Nilitamani kutoka. Leokadia alininong'oneza, "Kaa, Mwalimu. Wote hawa wameshatazamwa."

Nilikatwa titi lote pamoja na tezi za kwapani. Nilizinduka nikiwa na mrija ubavuni unaotoa maji mekundu kwenye chupa, na mkono usioweza kufika kichwani. Mto wa kitenge ulikaa kwapani usiku na mchana, nami niliubariki. Kidonda kilipokauka zilianza dripu za dawa ya saratani. Sitapamba maneno: nilitapika mpaka nyongo, kinywa kilijaa vidonda hata uji ukawa kama moto, kucha zilikuwa nyeusi, na niliharisha nikiwa njiani kwenda chooni. Leokadia alishika beseni. Aliniosha uso kwa mikono ile ile iliyobeba kikapu cha viazi. Alinifundisha kupandisha vidole ukutani, kidogo kidogo kila siku, mpaka mkono ukapanda. Baada ya dripu ikafuata mionzi, na baada ya mionzi kidonge cha kila siku ambacho bado nakinywa. Kidonge hicho kiliniletea joto la ghafla na jasho la kulowesha shati. Nilipolalamika Jumamosi moja, chumba kizima kilipiga vigelegele.

"Joto la kukoma hedhi hilo!" Bibi Spesioza akasema. "Sasa wifi umekamilika."

Nilicheka nao. Lakini katika safari zote hizo, kwenda na kurudi, mwanamke niliyempotosha alinishikia beseni, na mimi sikufungua mdomo. Nilijiambia kwamba amesahau ni nani aliyemjibu. Nilijua kwamba ni uongo.

Kisha akaja Bibi Anastazia wa Sibwesa. Alikuwa amefunga kifua kwa khanga mbili, na chini ya khanga hizo kulikuwa na kidonda ambacho harufu yake ilifika kabla yake. Alisikiliza habari ya mwenyeji. Kisha Leokadia akamwuliza nani alimwambia asubiri.

"Dada yangu. Yeye aliambiwa na wanawake wa Kasekese. Kuna mwalimu mmoja Mpanda, mtu wa vitabu, alisema uvimbe usiouma si ugonjwa, nirudi utakapouma. Nikasema mwalimu hawezi kukosea."

Sikutegemea kamwe kusikia hivyo. Sentensi yangu ilikuwa imetoka langoni, ikapita mashambani na visimani, ikafika Sibwesa, na popote ilipofika haikuulizwa chanzo, kwa sababu chanzo chake nilikuwa mimi. Kasiani na kikopo chake alikuwa mtoto mdogo mbele yangu. Yeye alisema, "Watu wanasema." Mimi niliwapa watu cha kusema.

Nilisimama.

"Mwalimu huyo ni mimi. Nilisema jambo nisilolijua. Ndilo lililomchelewesha Leokadia, limekuchelewesha wewe, na limenichelewesha mimi mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Leokadia aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Na mimi nililieneza," akasema. "Kabla kinundu hakijaanza kuuma niliwaambia wenzangu wa Kasekese, Mwalimu amesema."

"Ulijua ni mimi miaka yote hii, Leokadia. Kwa nini hukunitaja?"

"Wewe ndiye uliyetufundisha kuuliza chanzo, Mwalimu. Nilitaka chanzo kijitaje chenyewe. Nimekingoja tangu Mwanza, na beseni mkononi."

Bibi Anastazia aliniangalia kutoka kichwani hadi viatuni.

"Kumbe ni wewe. Nilidhani una sura ya maana kuliko hiyo." Akavuta pumzi kwa shida. "Nyie mnasema anayekwenda husindikizwa. Basi mimi nasindikizwa na huyu. Atanishikia beseni."

Nimelishika. Tulikwenda mimi, yeye na binti yake, na tumeshakwenda mara nne. Dripu zimepunguza kidonda, na madaktari wanasema wataangalia kama anaweza kupasuliwa. Sijui kama atapona. Angekuja mapema, jambo hilo lingekuwa na jibu jingine, na kila anapotapika ninalikumbuka, na sitaki kulisahau. Yeye hanipi pole. Ananiita "mtu wa vitabu" na kuniagiza maji.

Namshukuru Mungu kwa kuniacha hai, namshukuru Mama Kizito kwa fulana tatu, na nawashukuru wanawake wa chumba cha ushonaji ambao waliniita wifi nilipokuwa nastahili jina baya zaidi. Wazee wenzangu wa kiume, vueni mashati, jiguseni kifuani, kisha jiguseni kwapani. Kina mama, msimwulize mwalimu, wala jirani, wala mtu yeyote mwenye sauti ya kujua. Nendeni mkapimwe. Anayewaambia kwamba kisu kinatawanya saratani, mwelekezeni kwangu nimwonyeshe kovu langu, tena kavu.

Na kwa kuwa neno langu la kwanza lilifika Sibwesa bila nauli, naomba na hili lifikishwe huko huko, na mbele zaidi: uvimbe usiouma ndio wa kukimbilia hospitali, siku hiyo hiyo unapougusa. Mkiulizwa nani amesema, msijibu kwamba watu wanasema. Semeni ni Mwalimu Gervas wa Kashaulili, aliyewahi kusema kinyume chake.