Siku Sista Alipotufukuza

Muuguzi aliponipaka iodini mguuni juzi, harufu yake ilinirudisha kwenye foleni ya zahanati ya misheni, Eldoret, nikiwa msichana mdogo. Mama alikuwa amembeba ndugu yangu mchanga, aliyekuwa akihema kwa shida. Shingoni mtoto alikuwa na kamba nyembamba ya ngozi, aliyofungwa na nyanya iwe kinga, kwa sababu watoto wawili waliomtangulia walikuwa wamekufa.

Sista mzungu, ambaye leo husifiwa kanisani kwamba hakuwahi kumfukuza mtu, aliitazama kamba hiyo.

"Mama, kata hiyo kwanza. Hapa tunamtegemea Mungu."

"Hata mimi namtegemea, Sista. Lakini hii haikatwi."

"Basi rudi nyumbani."

Alitufukuza. Naandika jambo hili wazi, kwa kuwa nilikuwepo. Wanaolifuta jambo hilo ili wamsifu wananiudhi, maana wanafuta pia lililofuata.

Jioni, mvua ikinyesha, Sista alisimama mlangoni petu katika kambi ya vibarua, matope yamempanda hadi magotini, mkoba wa dawa kichwani.

"Mama, nimekosa. Mtoto yuko wapi?"

"Ingia. Angalia usikanyage kuku."

Alipiga magoti kando ya moto, akamsugua mtoto dawa kifuani, akiiinua ile kamba kwa kidole kimoja ili mkono upite chini yake. Alibaki pale pale sakafuni mpaka ndugu yangu alipolilia titi. Mama alimnyonyesha, kisha akamsogezea Sista kigoda pekee tulichokuwa nacho.