Niliomba Timu Yangu Ifungwe

Jina langu niachieni. Mtu wa Gisenyi akisoma atanijua tu, maana wanawake tunaopiga vuvuzela uwanjani hatujazi hata benchi moja. Nimekosa, na niliyemkosea nalala naye kitanda kimoja.

Mpira niliurithi kwa marehemu baba. Mume wangu ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na mpira ulikuwa haumhusu ndewe wala sikio. Watoto walipooa na kuolewa, nyumba ikabaki na sisi wawili, yeye na cherehani yake, mimi na redio yangu. Siku moja akaniuliza, "Mama Nadia, kule uwanjani, mutu asiyejua mupira wanamuruhusu kuingia?"

Nikacheka, nikamwambia wanaruhusu, bora alipe.

Tukawa tunakwenda wote kila timu yetu ikicheza nyumbani. Alijishonea shati la rangi za timu, na mimi akanishonea gauni la rangi hizo hizo. Tatizo lake ni maswali, na aliuliza kwa sauti. "Huyu mwenye filimbi, yeye iko upande gani?" Watu wa jukwaa letu walivunjika mbavu. Mimi, shabiki wa tangu utotoni, nilitamani kujificha. Lakini tukirudi kwa miguu tulikuwa tunaongea njia nzima, na hatukuwa tumeongea hivyo kwa miaka. Hilo nililiona baadaye, nilipokuwa nimeshaliharibu.

Timu ikaanza kufungwa. Ikafungwa tena na tena, na jukwaani kila mtu akawa anatafuta mchawi: kipa, kocha, nyasi, mpaka upepo wa ziwani. Siku moja tumeshapigwa mawili, mume wangu akauliza kama mabao hayo hayawezi kufutwa. Watu wakacheka, na mimi hasira zikanipanda. Nikasema ili wote wasikie, "Bon, munatafuta nini? Umwaku ni huyu bwana yangu. Tangu aanze kuja, tulishinda lini?"

Umwaku kwetu ni mkosi, nuksi. Jukwaa zima liliangua kicheko, na yeye akacheka pia. Nilipomwona anacheka nikadhani yamepita. Njiani hakuuliza swali hata moja.

Mechi iliyofuata alisema ana nguo za harusi ya watu wa Cyanzarwe, hazijaisha. Nikaenda peke yangu, na tukashinda! Nilirudi nimejaa furaha, nikasimama mlangoni, na mdomo wangu huu ukasema, "Baba Nadia, kumbe kweli ilikuwa wewe."

Nilikuwa natania. Wallahi nilikuwa natania. Akasimamisha cherehani, akafikiri kidogo, akasema, "Sawa. Donc mi nitabakia nyumba."

Na alibaki kweli. Siku ya mechi ananipigia pasi gauni, ananisindikiza mpaka kwenye kona, anarudi. Nilimwambia ule ulikuwa mzaha, akaitikia kama mtu anayebembelezwa. Nikamwomba basi tusikilize pamoja mechi za ugenini redioni. Akainuka. "Hapana. Nikisikia, nitawaharibia." Akaenda kukaa ufukweni, anaangalia maji, mpaka nilipomtumia ujumbe kwamba mpira umekwisha.

Najua mtasema, upweke gani huo wa mtu aliyezungukwa na uwanja mzima? Mimi nawaambia upo. Pale alipokuwa anakaa wanakaa wengine, wanaojua mpira sana na hawaniulizi kitu. Nikirudi nyumbani nina mechi nzima kifuani na sina wa kumsimulia. Nikianza tu, ananikatiza ananiuliza kama nina njaa.

Nikaona dawa ni moja: timu ifungwe yeye akiwa hayupo, ajue hana hatia. Kumbe timu nayo ina kiburi. Leo sare, kesho ushindi, basi ndiyo kwanza anazidi kuamini.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu. Tukishinda tunabaki, tusiposhinda tunashuka daraja. Mji wote ulikuwa unaomba dua, na mimi niliomba yangu. Niliomba tufungwe. Mimi, binti wa baba yule! Mungu anisamehe, niliomba timu yangu ishuke daraja ili mume wangu arudi kukaa pembeni yangu.

Mpaka dakika za mwisho ilikuwa bila kwa bila, na moyo wangu ukaanza kutulia. Halafu ikapigwa kona, beki wetu akaruka, akapiga kichwa, mpira ukatikisa wavu. Watu wakanirukia, wakanikumbatia, na mimi nikalia kwa kwikwi.

"Muangalie mama," wakasema, "furaha imemuzidi."

Nilikuta mume wangu ananisubiri mlangoni. Honi za pikipiki zilikuwa zimeshampa habari. Uso wake ulikuwa na nuru ambayo sijaiona tangu siku tulipomuoza Nadia. Akanishika mikono yote miwili.

"Mi nilifunga hata madirisha, nisisikie kitu," akaniambia. "Unaona, Mama Nadia? Na mi niliwasaidia."

Ningemjibu nini? Kwamba hakusaidia chochote? Kwamba mwenzake alikuwa jukwaani anaomba kinyume? Nilimwambia, "Ndiyo, ulitusaidia sana." Akala vizuri jioni ile, akalala mapema. Mimi nilibaki nimekaa kitandani, nikijua hatakanyaga uwanjani tena maisha yake yote, na kwamba safari hii nimemfungia mlango kwa sifa.

Mashabiki wenzangu, mtanieni kocha, mtanieni kipa, wao wamezoea. Lakini mtu ambaye hajui mpira, aliyekuja kwa sababu yako tu, usimbandike mkosi hata kwa mzaha. Wengine wanacheka hapo hapo, kisha wanakwenda nyumbani wanakuamini. Na akishakuamini, maneno ya kumrudisha utayatoa wapi? Mimi mpaka leo sijayapata.