Tulivyoususia Mkahawa wa Tajiri

Timu ya mtaa wetu ilikuwa na mwenyewe. Kwenye karatasi ilikuwa na mwenyekiti, katibu na mshika fedha, kama timu nyengine za Mjini Unguja, lakini aliyekuwa akinunua mipira, jezi na dawa ya kuchulia misuli alikuwa mtu mmoja, mwenye mkahawa uliokuwa kwenye kona ya kichochoro chetu. Sote tukimwita Tajiri. Utajiri hasa hakuwa nao: meza chache za marumaru zilizopasuka, redio kubwa juu ya rafu, na jiko la mkaa uani. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, na waliokuwa matajiri wa kweli walikuwa washaondoka au washapunguziwa mali.

Mimi nilikuwa fundi wa baiskeli. Duka langu, chumba kimoja chenye baraza pana la mawe mbele yake, lilitazamana na mkahawa, upana wa kichochoro tu. Kwa hivyo mambo yote haya niliyaona nikiwa nimechutama nyuma ya gurudumu.

Mtaa mzima uliamini kuwa kila anayekunywa chai kwa Tajiri anaichangia timu. Beki akionekana na viatu vipya, utamsikia mtu anasema bila ya kucheka, "Kisigino kile cha kushoto changu mie. Nimekinywa tangu Mfunguo Mosi." Tajiri aliipenda imani ile na wala hakuwa akiikanusha. Tulipokwenda kucheza Mkokotoni kwa lori alilolikodi yeye, tulipanda kwa madaha, kila mmoja akijiona kalipia ubao aliokalia.

Kipa wetu alikuwa seremala. Hakuwa mrefu, na ndevu zake zilikuwa zishaanza kuingia mvi, lakini alikuwa na miguu myepesi, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na mpira. Ukija wa juu huuambia, "Njoo, baba, njoo," na aghlabu ulikuwa ukija. Ila siku moja haukuja. Katika mchezo wa sikukuu na watani wetu wa mtaa wa pili, mkwaju mwepesi kabisa ulimpita katikati ya miguu, tukafungwa. Mwaka mzima alitaniwa. Hata mteja aliyekuja kuagiza mlango alikuwa akimuuliza kwanza kama utafunga. Yeye akicheka, akipiga randa, lakini kila mtu akijua kuwa kuna kitu kimoja tu anachokingojea duniani, nacho ni sikukuu nyengine, na watani wale wale, na yeye kasimama golini.

Sikukuu ilipokaribia, mpwa wa Tajiri, mtoto wa dada yake, alirudi kutoka Tanga. Alikuwa kijana mrefu, mpole, na alikuja na glavu za kipa. Glavu zenyewe zilikuwa za ngozi, na pale mtaani hakuna aliyewahi kuziona ila kwenye picha za magazeti. Zilipita mkono kwa mkono mkahawani kama mtoto mchanga. Jioni ile ile Tajiri akatangaza kutoka nyuma ya meza yake, "Sikukuu atasimama huyu."

"Na kipa wetu?" akauliza mwalimu mmoja wa skuli, mshabiki mkubwa ambaye hakuwa akikosa mchezo wala mazoezi.

"Atapumzika. Keshachoka."

"Kakwambia kachoka?"

"Mipira nnanunua mimi, mwalimu."

Kesho yake kipa alileta jezi yake imefuliwa na kupigwa pasi, akaiweka juu ya meza ya Tajiri, akatoka. Hakumlaumu mtu.

Baada ya sala ya alasiri tulikusanyika kwenye baraza langu. Mwalimu alisimama kama yuko mbele ya ubao. "Timu ni yake kwa sababu ya fedha," alisema, "na fedha yenyewe inatoka mifukoni mwetu. Sasa tukiifunga mifuko?" Mimi wakati ule nilikuwa nikisoma kila gazeti nililofungiwa vipuri, na kwa kusoma huko nilijiona najua habari za migomo. Hoja ile niliipima kila upande nikaiona haina ufa. Tukaafikiana: hakuna mtu kununua chochote kwa Tajiri, hata kikombe cha chai ya rangi, mpaka kipa arudi golini.

Pembeni mwa duka langu alikuwepo Bi mmoja aliyekuwa akikaanga bajia mlangoni kwake. Na yeye alikuwa mshabiki, ingawa hakuwa akienda kiwanjani, na matokeo yote akiyajua kabla ya walioyatazama. Akatuuliza, "Na mtakaa wapi mkishasusa?"

"Hapa hapa, Bi," akasema mwalimu. "Atuone."

Hilo ndilo kosa letu. Tungekuwa na akili tungekwenda kukaa barabara nyengine. Sisi tukajipanga kwenye baraza langu kila alasiri, nyuso zimeelekea mkahawani, tukinywa kahawa ya muuza kahawa anayepita. Ng'ambo ya kichochoro redio ililia peke yake juu ya meza tupu. Tajiri alifuta marumaru ambayo hakuna aliyeichafua.

"Mnamsusia au mnamposa?" Bi aliuliza huku akigeuza bajia zake. "Macho yote mlangoni kwake."

Kwa siku chache mambo yalikwenda kama tulivyoyapanga. Kisha alasiri moja Tajiri akatokea mlangoni, kabeba sinia kwa mikono miwili. Vikombe vya chai ya maziwa, na sambusa zinatoka moshi.

"Karibuni," alisema.

"Starehe," tukamjibu sote kwa pamoja, kama ilivyo adabu.

Mtu akikukaribisha kwa mdomo, ukamjibu starehe, mambo yamekwisha na hakuna aliyevunjiwa heshima. Lakini Tajiri hakusita. Alivuka kichochoro, akaliweka sinia juu ya baraza katikati yetu, akakaa chini pamoja nasi, akasema, "Bismillahi, wanangu."

Hapo hapana pa kutokea. Chakula kishawekwa mbele yako, mwenyewe keshataja jina la Mungu na anakungojea unyooshe mkono. Kukataa ni tusi, na hata adui humtukani hivyo. Tukatazamana. Mwalimu ndiye wa kwanza aliyenyoosha mkono, kwa kuwa ndiye mwenye adabu kuliko sisi.

Tajiri alipoondoka na sinia tupu, alikuwa akitabasamu. Alidhani keshatuvunja. Tulikaa tumeona haya, mafuta yametuganda vidoleni. Ni mwalimu tena aliyetuokoa. "Tuliapa kutonunua," alisema taratibu. "Habari ya kula hatukuitaja."

Kesho yake sinia lilikuja tena. Lilipokwisha, Tajiri akasema, "Basi, wanangu, yamekwisha. Ingieni ndani mkae kwenye viti."

"Starehe, Tajiri," mwalimu akamjibu. "Sisi tumekususia."

Niliuona uso wake ukifahamu jambo alilolifanya. Sinia hakuweza kuliacha. Angeliacha, mtaa ungesema karibu yake ilikuwa mtego, na mtu wa Unguja afadhali aambiwe bahili kuliko aambiwe hivyo. Sisi nasi hatukuweza kulikataa. Ikawa kila alasiri Tajiri anavuka kichochoro na sinia, na kila alasiri waliomsusia wanazidi. Walikuja watu ambao mpira hawakuujua una pembe ngapi. Walikuja watani wetu wa mtaa wa pili, wakadai wamekuja kutuunga mkono. Sinia likawa masinia, na mpwa wake, yule kijana wa glavu, ndiye aliyekuwa akilibeba la pili. Alikuwa akitukirimu kwa moyo safi, na nadhani hakuwa akijua hasa kwa nini tumekaa pale.

Aliyeumia alikuwa Bi. "Mmemsusia yeye, nnaekufa njaa mimi," alitwambia siku moja, beseni lake limejaa. "Nani atanunua bajia na sambusa za bure ziko hapo? Wallahi, na mimi nitasusa. Nitahamia kwenye sinia." Na kweli akahamia. Alitoa kasoro: alisema nyama ya sambusa za Tajiri haina bizari ya kutosha. Tajiri akaongeza bizari.

Siku moja asubuhi nilikwenda kwa kipa, karakana yake ilikuwa mitaa miwili kutoka kwetu, kumtaka anichongee mpini wa nyundo. Alikuwa akipiga randa ubao wa sanduku.

"Vipi, mnaendelea kususa?" akaniuliza.

"Tunaendelea."

"Nnasikia. Mwalimu kanipitia jana, anataka nimtanulie kiti."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alipuliza vumbi la mbao, akapitisha kiganja juu ya ubao.

"Hebu nambie kweli," alisema. "Kwenye hizo sambusa, kuna siku mlinitaja?"

Nilitaka kumjibu mara moja, nikaona bora nifikiri kwanza. Nilizipitia alasiri zile moja moja. Tulikuwa tumezungumza bizari. Tulikuwa tumezungumza kama chai iwe na iliki au tangawizi, na nani ashinde na njaa mchana ili aliwahi sinia. Jina la kipa lilitajwa mara ya mwisho siku tuliyoafikiana kususa.

"Hatukukutaja," nikasema.

"Mimi sitaki Tajiri afilisike. Kanifanyia wema mwingi yule. Mimi nataka kusimama sikukuu, basi. Nikifungwa tena, nifungwe mimi."

"Njoo barazani leo."

"Nije nile?"

"Uje uonekane."

Alichukua randa yake akaendelea na kazi, nami nikaondoka bila ya kujua kama atakuja. Alikuja. Alasiri ile alitokea na nguo zake za kazi, vumbi la mbao kwenye nyusi, akatoa salamu, akakaa mwisho wa baraza karibu na Bi. Watu wakatazama chini, hata wale watani wa mtaa wa pili.

Tajiri akatoka na sinia. Alifika katikati ya kichochoro ndipo akamuona. Akaja mpaka barazani, akaliweka sinia, na kwa mara ya kwanza tangu kuanza kwa mambo yale hakukaa.

"Karibu," alimwambia.

"Starehe, Tajiri."

Tajiri akachukua kikombe kwa mkono wake mwenyewe akakiweka mbele ya kipa. "Bismillahi."

Kipa akakinywa kikombe kile, taratibu, mpaka chini. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa sarafu ya bei ya chai, akaiweka ndani ya sinia. Ilitoa mlio. Hiyo ilikuwa fedha ya kwanza kuingia kwa Tajiri kutoka kwenye baraza lile.

"Nini hii?" Tajiri akauliza.

"Chai. Mimi sikususa. Wamesusa hawa. Na mtu asiyesusa, akinywa analipa."

Wachezaji hawakuwa wakilipa mkahawani. Ilikuwa kanuni ya Tajiri tangu siku ya kwanza ya timu, na kila mtu pale akiijua. Kuipokea sarafu ile kulikuwa ni kusema mbele ya mtaa mzima kuwa aliyeitoa ni mteja kama mteja mwengine. Tajiri aliitazama. Bi akaacha kutafuna.

Tajiri akaiokota, akauchukua mkono wa kipa, akaitia kiganjani na kukifumba kiganja kwa vidole vyake. "Tangu lini mchezaji wangu akalipa chai?" alisema. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia, "Dada yangu ndiye aliyetaka. Kijana karudi, mama yake kasema apewe kitu cha kufanya. Dada mkubwa, nitamwambia nini?"

"Mwambie anaweza kucheza winga ya kulia," kipa akasema. "Ana mbio. Nimemuona akikimbia na masinia."

Kijana, aliyekuwa nyuma na sinia la pili, akamwambia kipa kwa haya, "Mimi hata golini naogopa, ami. Glavu nilipewa tu."

Bi akadakia. "Sasa nani atashinda na njaa kesho kungojea sinia?" aliuliza, na baraza zima likaangua kicheko, Tajiri kwanza.

Sikukuu tulicheza Mnazi Mmoja. Kipa alisimama bila ya glavu. Alizijaribu kabla ya mchezo, akasema hausikii mpira, akamrudishia kijana. Mchezo uliisha bila kwa bila, lakini dakika za mwisho watani wetu walipata mkwaju ule ule, wa chini, wa katikati. Kutoka nyuma ya goli tulimsikia akisema, "Njoo, baba," na safari hii ukaja.

Siku ya pili tuliingia mkahawani, tukakaa kwenye viti, tukaagiza. Nimefikiri sana tangu wakati ule juu ya nguvu ya mfuko wa mshabiki. Mifuko yetu ilimuumiza Tajiri, hilo sina shaka nalo, lakini haikumwambia tunataka nini. Ilimbidi mtu aje akae mbele yake amwambie. Nilitaka kumueleza mwalimu haya pale pale mezani, lakini yeye alikuwa ameshughulika. Bei ya sambusa ilikuwa imepanda.

"Kwa nini?" akamuuliza Tajiri.

"Bizari, mwalimu. Si mlitaka bizari?"

Tukalipa.