Mabula na jiwe la juu ya nyumba ya Mayu Minza

Siamini bado. Asubuhi wifi yangu, mke wa Mabula, kanipigia akasema, "Rhoda, kaka yako ametuacha." Nikamwuliza kaka yupi, kama vile ninao wengi wa kupigiwa simu ile.

Wengi mnamjua kama fundi baiskeli mwenye mvi. Mimi namkumbuka yule wa miaka ya tisini, kiwanda cha pamba kilipopunguza watu na yeye akiwa mmoja wao. Baiskeli za gia za mtumba ndiyo zilikuwa zinaanza kuingia Mwanza. Akatukusanya vijana tuliokuwa tunashinda vijiweni, akasema tuchonge njia ya baiskeli kule mlimani Igogo, katikati ya mawe. Tulimcheka. Kisha tukaenda.

Jumamosi asubuhi tulichimba, mchana tulifundisha watoto wa mtaa. Somo lake la kwanza halikuwa kupanda baiskeli. Aliwaangusha kwenye majani, mmoja mmoja. "Ukijua kuanguka, hofu inapungua."

Aliyelia alipewa michembe, vile viazi vikavu alivyotembea navyo mfukoni. Kuna waliolia kwa makusudi.

Nataka kusimulia siku moja tu.

Njia yetu ilitakiwa kupita kilimani, juu ya nyumba ya Mayu Minza, yaani Mama Minza kwa Kisukuma. Mama yule alitukatalia kwa muda mrefu. "Mtaniangushia mawe, mimi nina mgonjwa ndani." Mume wake alikuwa amepooza miguu. Mabula akaenda, akarudi, akaenda tena, mpaka akamwapia kwamba hakuna jiwe litakalomfikia. Ndipo mama akakubali.

Siku hiyo kwenye kona kulikuwa na jiwe la ukubwa wa gunia la mahindi. Mabula akalikagua, akasema livunjwe. Tukawasha matairi juu yake, likapata moto, tukalimwagia maji. Likapasuka vizuri. Tukapiga makofi.

Makofi hayajaisha, tukasikia mlio kama wa mtu anayesaga meno.

Juu yetu kulikuwa na jiwe kubwa kuliko lori. Sote tuliamini limeota mizizi kilimani. Kumbe lilikuwa limekalia lile dogo tulilopasua, na majani yalificha. Likasogea shubiri moja. Likasimama. Changarawe zikaendelea kudondoka chini yake.

Chini kabisa, moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa Mayu Minza.

Deo, aliyekuwa katibu wetu, alisema kwa sauti ndogo, "Limesimama. Tushukie upande wa pili. Hili likijulikana, kundi limekufa, na watoto tunawarudisha vijiweni."

Hakuwa mtu mbaya Deo. Kila mmoja wetu alikuwa anawaza hivyo hivyo. Viongozi wa mtaa walikuwa wanatafuta sababu tu ya kutufukuza mlimani.

Mabula alimtazama. "Deo, kuna mzee amelala ndani mle."

Akashuka. Hakuzunguka, alipita moja kwa moja chini ya lile jiwe kwa sababu ndiko karibu. Nikaburuta baiskeli yake nikapitia njia yetu, iliyokuwa imeshafika nyuma ya ile nyumba. Nikafika mlangoni Mabula akiwa ndiyo anamsalimia mama.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Mbona mweupe hivyo, umeanguka kwenye unga?"

"Mayu, naomba mtoke ndani sasa hivi."

"Nitoke niende wapi? Nina maharage motoni."

"Lile jiwe la juu nimelilegeza mimi."

Alisema mimi. Tulikuwa watu tisa kule juu.

Mama aliinua macho kilimani, akayarudisha kwake. "Si wewe uliyeniapia?"

"Ni mimi."

Nilingoja matusi. Akasema tu, "Mchukue mzee kwanza."

Tulimpakia kwenye keria, Mabula akisukuma, mimi nimemshika mzee kiuno kwa nyuma. Changarawe ziligonga bati la jikoni, moja, kisha nyingi. Mzee akasema, "Kijana, polepole, mimi si gunia la dagaa." Mabula akacheka, lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka mpaka kengele ya baiskeli ikawa inalia yenyewe.

Siku ile jiwe halikushuka. Lilishuka usiku wa mvua, baada ya wiki, likabomoa jiko na chumba alicholala mzee. Hapakuwa na mtu.

Ikaitishwa meeting ya mtaa. Siku hizi kazini kwangu tuna fomu za "incident" na watu wa safety. Wakati ule kulikuwa na benchi moja na watu wenye hasira. Mabula alisimama akaeleza yote, hakumtaja Deo, hakumtaja yeyote. Wengi walitaka njia ifungwe na baiskeli zichukuliwe.

Mayu Minza akaomba kusema.

"Huyu kanivunjia nyumba, ataijenga. Lakini kapita chini ya jiwe kuja kuniambia. Nyinyi mnaopiga kelele, mliliona limekaa upande siku zote hizo. Nani alikuja kwangu?"

Akawageukia viongozi wa mtaa.

"Njia yao ipite mlangoni kwangu," akasema. "Nataka niwe nawaona."

Tulilipasua lile jiwe tukamjengea kwa mawe yake, Mabula akiwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Na njia ikapita mlangoni kwake. Watoto waliojifunzia pale wengine leo ni wazazi, na wananisoma hapa.

Mazishi ni kesho mchana, nyumbani kwake mlimani. Gari halifiki. Tutapita kwenye njia.

Mabula, nilikuona ukitetemeka na hukurudi nyuma. Sikuwahi kukwambia kwamba tangu siku ile nilikuamini kwa kila kitu. Nakwambia sasa, nimechelewa. Ulale salama, kaka yangu.