Jina Ambalo Mama Hakulitaja

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, tumeketi chini hapa hapa Rashidiya, Dubai, sinia ya biriani katikati, na kaka yangu Hamisi akamtia mama yetu machozi mbele ya mgeni. Nilikuwa bado kijana, napokea wageni katika hoteli moja ya Al Rigga, na magoti yangu yalikuwa hayajaanza kunilalamikia kila nipandapo ngazi. Nikifumba macho naiona sinia ile na mvuke wake, na sote bado tupo. Ningetoa mengi nirudi pale, ijapokuwa ilikuwa siku mbaya.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulinijia na simu yako mkononi, umeingiza jina la ukoo wetu, yamekutokea majina chungu nzima yanayofanana na hujui lipi ni letu. Nikacheka. Ukanuna, ukadhani nakucheka wewe. Nilikuwa nimemkumbuka Hamisi, Mungu amrehemu, maana ulisimama vile vile alivyokuwa akisimama, umekunja uso na kidole hewani.

Baba yetu alikuwa Mskochi, fundi wa mitambo katika shamba la mkonge kule Muheza. Alisilimu, akaitwa Yusufu, akamwoa mama kwa ndoa ya halali, wazee wakishuhudia. Mimi nikiwa bado nanyonya, akaenda kwao kwa likizo. Hakurudi, wala barua haikuja. Watu wa mjini, unawajua watu, wakasema Mzungu kamtoroka mkewe. Wakalisema msibani, wakalisema harusini, na mama hakuwajibu hata mara moja. Alipokuja kuishi nasi huku Dubai moyo wake ulikuwa umeshaanza kuchoka, madaktari wakatutahadharisha. Jambo moja tu alituomba.

"Nataka kujua kabla sijafa," alituambia. "Alinikimbia, au hakunikimbia?"

Hamisi akalivalia njuga. Yeye alikuwa akiuza vipuri vya magari Ras Al Khor, na mtu wa vipuri huamini kwamba kila kitu kina namba yake. Ukiikosea namba, kifaa hakiingii. Basi akaenda na jina la baba hivyo hivyo. Kila akitoka kazini, anapitia kwenye intaneti kafe, anaandika, anafuta, anaandika tena. Na jina lenyewe, loo! Kwenye cheti chake cha kuzaliwa limeandikwa Makferson. Kwenye changu, Mafasoni, maana karani aliandika alivyosikia na mama hakujua kusoma Kiingereza amsahihishe. Kisha akagundua kwamba hata hao Waskochi wenyewe wanaliandika kila nyumba kivyake: huyu anaongeza herufi, yule anapunguza, na kwa wengine jina la babu na la mjukuu hayaandikwi sawa. Kaka yangu akaamua kwamba moja tu ndilo la kweli, na wengine wote si watu wetu. Waliomwandikia kutoka huko akawajibu kwa adabu na kuwafungia mlango.

Aliyebaki wa kulitamka jina sawasawa ni mama. Na mama halitaji. Kwetu Bondei, mwanamke wa zama zake hamtaji mumewe kwa jina, liwe la kuzaliwa, liwe la kusilimu, liwe la ukoo. Ni heshima ya ndoa. Wewe unamwita mumeo "beibi" mbele ya baba mkwe, sikusemi, dunia imebadilika. Lakini mama alikuwa mke wa namna ile.

Sasa Ijumaa hiyo tumetoka kuswali, na Mzee Shomari yupo, jirani yetu Mzanzibari aliyekuja Dubai zamani sana, kabla ya nusu ya majumba haya kujengwa. Hamisi akaanza.

"Mama, mimi nataka jina tu. Litaje kama alivyokuwa akilitamka mwenyewe. Mara moja, khalas."

"Baba yako ni Baba Hamisi," mama akasema.

"Baba Hamisi hayupo kwenye kompyuta!"

Nikacheka, na mama naye akatabasamu. Nadhani kicheko changu ndicho kilichomchoma kaka, maana alikuwa amechoka na alikuwa akimpenda mama kuliko alivyojua kusema. Akatupa maneno ambayo hata yeye yalimshtua.

"Au hakukuoa? Ndiyo maana hulijui?"

Mama alishusha tonge lake kwenye sinia, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

"Hamisi," akasema Mzee Shomari, "nawa mikono."

"Sijamaliza, mzee."

"Nshasema nawa." Akamngoja mpaka amenawa. "Weye kwenye pasipoti umeandikwa nani?"

"Hamisi."

"Na kwenye bataka, hicho kitambulisho cha kazi?"

"Khamees. Waliandika wao."

"Na arbab wako, huyo tajiri wako, anakwitaje huko dukani?"

"Abu Khamis."

"Baba wa Khamis, na huna hata mtoto!" Mzee akatikisa kichwa. "Haya, nambie, katika hao wote nimpige kofi yupi?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mzee akashusha sauti, na ndipo maneno yake yalipoingia.

"Mama'ko umemuuliza jambo moja asiloweza kukupa, ukayaacha yote anayoweza. Ushamuuliza huyo bwana alikuwa mtu wa namna gani? Akila nini? Akipenda nini? Mtake radhi mama'ko, kisha muulize mumewe alikuwa nani. Jina waachie makarani."

Hamisi akamshika mama miguu. Mama akamwambia inuka, mwanangu, wali unapoa. Na bila kuulizwa zaidi, akaanza kusema.

Mwanangu, alisema mpaka adhana ya alasiri ikatukuta pale pale, mikono imetukaukia. Alisema baba alikuwa akitia chumvi kwenye uji, sukari hataki, na bibi mzaa mama akadhani Mzungu huyu amerogwa. Alisema alikuwa akinibeba mimi mgongoni kwa kanga kama mwanamke, wafanyakazi wa shamba wakimcheka, naye hajali. Hapo nililia. Nilikuwa mtu mzima na sikuwahi kujua kwamba baba yangu alinibeba. Akasema kwao, kama kwetu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa kike wa kwanza jina la bibi mzaa mama. Mimi nikapewa Saada, la bibi yangu. Hamisi, kwa baba, alikuwa Dankani, jina la babu wa huko, mtengeneza saa. Na baba alikuwa na dada mmoja, anayechechemea, ambaye baba kila akimtaja alikuwa akicheka.

Kaka yangu akasimama ghafla, akatafuta viatu.

"Mtengeneza saa," akasema. "Kuna mama mmoja wa kule kwao baba aliniandikia. Babu yake Dankani, mtengeneza saa. Mjomba wake alifanya kazi kwenye mkonge. Nikamwambia jina lenu na letu si moja."

Akamwandikia tena siku hiyo hiyo, akamweleza habari za uji wa chumvi. Jibu likaja refu. Mama yake yule mwanamke ndiye yule dada mwenye kuchechemea. Baba yetu alifika kwao wakati wa baridi kali akiwa anakohoa, akalazwa hospitali, na hakutoka hai. Alikuwa amemwambia dada yake habari za mke na watoto wawili Muheza. Dada akaandika barua shambani, lakini shamba lilikuwa limeshauzwa, na barua ikarudishwa. Na jambo moja ambalo familia yao haikulisahau ni kwamba kila asubuhi pale hospitali alikuwa akiomba apewe suruali yake, avae, awahi meli.

Hamisi alimsomea mama hayo kwa Kiswahili, taratibu, mimi nimemshika mkono. Nilikuwa naogopa kwa ajili ya moyo wake.

"Alikuwa akiomba suruali?" mama akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Basi hakunikimbia."

Akalia kilio cha mwanamke aliyefiwa siku ile ile. Alipotulia alimwita Mzee Shomari na kumuuliza kama itampasa kukaa eda. Mzee akamwambia eda yake ilikwisha miaka mingi iliyopita, sheria haimdai kitu. Mama akasema ilipita bila yeye, na kama ni hivyo, basi angalau tumsomee mumewe hitima kama watu.

Tukaisoma sebuleni hapa, majirani wamejaa, wa Tanga, wa Mombasa, wa Unguja. Kabla ya kuomba dua Mzee Shomari akauliza jina la marehemu, kama ilivyo desturi. Watu wote wakamgeukia mama. Mimi nikadhani leo atalitaja, maana mwenyewe hayupo tena wa kumwonea haya.

Mama akamtazama kaka. "Sema wewe, Hamisi. Mimi bado ni mkewe."

Hamisi akalisema, sauti ikimkatika, na watu wakaitikia amina.

Basi mwanangu, endelea na simu yako, sikukatazi. Ila usimfukuze mtu kwa sababu ya herufi. Walioyaandika majina yetu walikuwa makarani wenye haraka, na hata wenye majina hawakukubaliana. Na kabla hujaifungua hiyo simu, keti na aliye hai. Usimvunjie mzee haya yake ili upate unachotafuta. Muulize marehemu alikuwa akila nini, alimcheka nani, alimbeba nani mgongoni, kisha nyamaza usikilize, hata kama chai itapoa.

Mungu akukutanishe na watu wako, waliopo na waliotangulia. Akupe wa kukusubiri bila kukudhania mabaya, na siku jina lako litakapoulizwa sebuleni, awepo anayekupenda wa kulijibu. Amina, mwanangu.